Zima Taa Tuone

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi moja ya Julai katika ukumbi wa parokia, Mbeya mjini, mbele ya wauguzi, matabibu, wanafunzi wa uganga na ndugu wa wagonjwa. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila utani nimeupunguza.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mliopanda kutoka Kyela asubuhi mkakutana na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, poleni sana, nawaona mmejifunika vitenge hadi masikioni. Ndugu zangu wa Iringa, kamwene. Na wa nyumbani Rungwe, ndaga fijo kwa kuja.

Kilichonileta hapa ni simu ya shangazi. Yuko Tukuyu, na tangu wajukuu wamuingize kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hakuna kinachompita. Alinipigia kabla jua halijatoka. "Mwanangu, kumbe Wazungu wana dawa ya kunywa, kisha unamulikwa kichwa kwa taa, saratani ya ubongo inaungua yote! Na wewe daktari wa vichwa umekaa kimya, watu wanaisha." Akanitumia video, nikaitazama nikiwa bado kitandani. Chumba cha upasuaji kimezimwa taa, kila kitu ni bluu iliyokoza, na katikati ya ubongo kuna kitu chekundu kinawaka.

Video ile ni ya kweli. Upasuaji wa namna hiyo nimeushiriki nilipokuwa masomoni Ulaya. Uongo uko kwenye maneno waliyoyabandika chini yake. Kile chekundu hakiungui, kinaonekana tu. Ninyi mtasema, kuonekana tu ndiyo habari ya kutuitia ukumbini? Nipeni saa moja.

Kijana wa pale mlangoni, zima taa. Mama, nisaidie pazia hilo, ahsante. Hapa nina glasi ya maji ya bomba. Hiki kikaratasi chenye ncha ya rangi ya chungwa kinatoka kliniki ya macho. Aliyewahi kuingiwa na punje ya mchanga jichoni anakifahamu: muuguzi anakugusisha ndani ya kope, kisha anakumulika kwa taa ya bluu aone kama kioo cha jicho kimechubuka. Nakichovya. Maji yamekuwa manjano hafifu, kama mkojo wa mtu aliyelima kutwa bila kunywa maji, samahani kwa wenye chai mkononi. Na hii taa nimeiazima kwa binti mmoja wakala wa pesa pale Mwanjelwa, ile ya kukagulia noti bandia. Nawasha.

(Hapa ukumbi mzima uliguna. Maji yalikuwa yamegeuka kijani kikali, kama yana taa yake ndani.)

Taa hii ni ya zambarau, lakini kijani mnachokiona hakitoki kwenye taa. Kinatoka kwenye rangi. Inapokea mwanga wa nguvu kubwa, sehemu inapotea kama joto, kinachobaki inakirudisha kikiwa mwanga wa nguvu ndogo, wa rangi nyingine. Ni kama dalali wa viazi wa Isongole: unampa elfu kumi, anarudi na elfu saba, tatu zimebakia njiani. Ndivyo alama za noti halali zinavyowaka. Na ndivyo uvimbe ulivyowaka kwenye video ya shangazi.

Washa taa, kijana. Sasa tuingie shambani.

Mliolima mpunga Kyela au Usangu mnaujua mpunga pori. Unaota katikati ya mpunga wako, jani lilelile, kimo kilekile. Mpalizi mzoefu anaupita akidhani ni mali yake. Ukija kutoa shuke na kupukutisha mbegu zake chini kabla hujavuna, ndipo unajua ulichokuwa unakipalilia msimu mzima. Uvimbe wa ubongo unaoitwa glioma ndivyo ulivyo. Unatokana na seli za ubongo wenyewe, zile zinazolea na kushikilia mishipa ya fahamu, na haujifungi ndani ya ganda kama jipu. Unasambaa. Katikati mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atauona, kwa kuwa ni wa kijivu, una damu, mahali pengine umeoza. Lakini ukitoka pale kwenda pembeni, chini ya taa nyeupe ya kawaida, nyama ya ubongo mgonjwa na nyama ya ubongo mzima zinafanana mno. Mimi mwenyewe nimesimama juu ya fuvu lililofunguliwa, kifaa cha kufyonza mkononi, na nisijue kama sentimita inayofuata ni ya ugonjwa au ni ya mkono wa kulia wa mtu huyu.

Utasema, si kuna picha? CT skani na MRI zipo, na pana mashine inayofanya kazi kama ramani ya simu, inakuonyesha ncha ya kifaa chako iko wapi kwenye picha iliyopigwa jana. Lakini ubongo hauna adabu ya barabara ya lami. Ukishafungua fuvu, maji yanayouzunguka yanatoka, uvimbe unapungua, na ubongo unanywea na kusogea. Ramani ya jana inakuambia uko Mafiati kumbe umeshafika Soweto. Ziko hospitali za nchi tajiri zenye MRI ndani ya chumba cha upasuaji, wanampiga mgonjwa picha akiwa bado wazi. Bei yake sitaitaja hapa, watu watashindwa kula.

Kwa nini basi tusikate kwa upana, tukaacha nafasi ya usalama kama tunavyofanya kwenye titi au utumbo? Mwaka 1928 daktari Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alieleza jinsi alivyowaondolea wagonjwa kadhaa nusu nzima ya kulia ya ubongo, watu ambao upande wao wa kushoto ulikuwa umekwisha kupooza. Nusu nzima, wazee wangu. Na bado ugonjwa ulirudi. Kwa hiyo ye yote anayewaambia amepata njia ya kung'oa glioma mbaya na mizizi yake yote, muulizeni habari za Dandy.

Lakini kuna tofauti kati ya kung'oa mizizi yote na kuacha gogo zima. Kinachobaki kikiwa kidogo, mionzi na dawa vinakuwa na kazi ndogo, na mgonjwa anapata muda. Hapo ndipo rangi inapoingia.

Nami nianze mbali kidogo, maana hadithi hii naipenda. Mwaka 1871 Adolf von Baeyer, mkemia wa Ujerumani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alitengeneza rangi hii iliyo kwenye glasi. Inaitwa fluoresini. Miaka sita baadaye watu wakagombania maji. Mto Danube, ukiwa bado mchanga kule kusini mwa Ujerumani, unazama ardhini kwenye nyufa za chokaa, na watu walibishana maji yanakwenda wapi. Mnaolifahamu Daraja la Mungu na pale Kijungu, Kiwira unapozama kwenye chungu cha mwamba, hamtashangaa. Mwaka 1877 mtaalamu wa miamba, Adolf Knop, akamwaga kilo 10 za fluoresini pale mto unapozama. Saa kama 60 baadaye, chemchemi ya mto Aach, zaidi ya kilomita 10 kutoka pale, ikatoa maji ya kijani kinachong'aa. Ubishi ukaisha.

Sasa mwili. Mwaka 1885 Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu, akakuta viungo vyote vimepakwa, ini, figo, moyo, isipokuwa ubongo. Akafikiri ubongo hauipendi rangi tu. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann akafanya kinyume: akaiweka rangi ndani ya maji yanayozunguka ubongo. Ubongo ukapakwa wote, mwili mwingine ukabaki mweupe. Kwa hiyo kosa halikuwa la ubongo. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta. Kuta za mishipa midogo ya huko zimeshonwa kwa kubana sana, na vitu vingi vilivyo kwenye damu haviruhusiwi kupita. Ni kama geti la Tunduma, ila hili halili rushwa.

(Hapa walicheka zaidi ya nilivyotarajia.)

Uvimbe mbaya unauharibu ukuta huo. Mishipa yake mipya imejengwa kwa haraka, inavuja. Basi ukiitia fluoresini kwenye mshipa wa mkono, itazunguka mwili mzima, lakini ndani ya ubongo itavujia pale tu ukuta ulipobomoka. Daktari George Moore wa Minnesota ndiye aliyelitumia wazo hili kwa uvimbe wa ubongo, mwaka 1947 na 1948. Likalala muda mrefu, kwa sababu macho matupu yalihitaji dozi kubwa. Lilipofufuka ni baada ya hadubini za upasuaji kuwekewa kichujio cha manjano, kinachoruhusu mwanga wa fluoresini tu umfikie daktari vizuri. Dozi ikashuka hadi miligramu 3 mpaka 5 kwa kila kilo ya mwili, inayotiwa mara tu mgonjwa anapolala usingizi wa dawa. Ukitazama, uvimbe ni manjano-kijani, ubongo wa kawaida ni wa waridi uliofifia.

Na hapa nikiri kosa langu. Miaka ya mwanzo nilimpasua mama mmoja wa Chunya kwa kutumia rangi hii, katika hospitali ambayo sitaitaja. Upasuaji ulikwenda vizuri, nikaenda zangu kulala. Asubuhi kaka yake akaingia wodini, akamkuta dada yake wa manjano usoni, na mfuko wa mkojo umejaa kitu cha manjano kama juisi ya pasheni. Hakuna aliyemwambia kwamba rangi hutoka kwa njia ya figo, na kwamba kwa siku moja hivi ngozi na mkojo hugeuka manjano kisha hurudi. Aliyepaswa kumwambia ni mimi. Yule kaka aliamini tumemuharibu ini. Mjomba mwingine aliamini kitu kibaya zaidi ya ini. Nilipofika saa tatu walikuwa wameshamvalisha viatu. Kilichomwokoa mama yule ni muuguzi wa zamu, mwanamke wa Makambako, aliyekaa mlangoni na kiti chake akasema, "Daktari hajafika, hatoki mtu." Ndiyo asili ya glasi hii. Siku hizi kila familia inaona maji yakigeuka kabla hajapasuliwa mtu.

Dawa ya kunywa iliyo kwenye video ni nyingine kabisa, na ujanja wake ni wa ajabu zaidi. Inaitwa 5-ALA. Si rangi. Ni malighafi. Karibu kila seli ya mwili wako inaitengeneza, ni hatua ya mwanzo ya kutengeneza hemu, ile sehemu ya damu inayobeba chuma. Mpishi wa hemu ana hatua kadhaa, na hatua ya mwisho ni kutia chuma ndani ya kitu kinachoitwa protopofirini. Seli za glioma mbaya zinapopewa malighafi nyingi zinaanza kupika, zinapika, zinafika kwenye protopofirini, na hapo kazi inakwama, kwa kuwa hatua ya kutia chuma ndani yake imezorota. Protopofirini inarundikana. Na protopofirini ikimulikwa kwa mwanga wa bluu inatoa mwanga mwekundu.

Inakuwaje mezani? Ni unga, unakorogwa na maji kidogo, uchachu wake unamkunja mtu uso. Miligramu 20 kwa kila kilo. Anakunywa saa tatu hivi kabla ya kulazwa usingizi. Fuvu linafunguliwa kwa taa za kawaida, unatoa sehemu ya katikati kwa macho yako. Kisha unasema, "Zimeni taa." Nakumbuka mara ya kwanza. Muuguzi wa vifaa alizima taa kubwa, mtaalamu wa usingizi akafunika kioo cha mashine yake kwa kitambaa, chumba kikawa giza isipokuwa pale kwenye kitundu. Ubongo ukawa bluu ya usiku. Damu ilikuwa nyeusi tii. Na kwenye ukuta wa lile shimo, upande niliokuwa nimeuridhia, nimeshausafisha na kujisifu moyoni, pakawa na doa jekundu la upana wa kidole gumba. Mwalimu wangu hakusema neno. Alikohoa tu.

Pembeni ya wekundu kuna waridi hafifu, kama nyama ya ndani ya pera. Waridi hiyo ndiyo inayotuumiza kichwa. Ina maana seli mbaya zimo, lakini zimechanganyika na nzima. Uikate au uiache? Jibu halimo kwenye taa.

Ushahidi tunao. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliosimamiwa na Walter Stummer, ukachapishwa mwaka 2006, uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa kwa 5-ALA, wengine kwa taa nyeupe. Uvimbe ulioonekana kwenye MRI uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliotumia 5-ALA, na asilimia 36 ya wale wengine. Miezi sita baadaye, asilimia 41 ya kundi la kwanza ugonjwa haukuwa umeendelea, dhidi ya asilimia 21. Mwaka uliofuata Ulaya ikaidhinisha dawa hiyo, na Marekani mwaka 2017. Lakini someni na mstari wa chini, ule ambao video ya shangazi haikuuweka: urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika. Kwa glioblastoma, mbaya kuliko zote, hata mgonjwa akipata upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomaidi, nusu ya wagonjwa katika utafiti maarufu wa 2005 hawakupita miezi 14.6. Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Nimekaa na familia zilizouza ng'ombe na shamba la parachichi kufuata video. Mtu akiuza shamba, auze akijua ananunua nini.

Kuna watafiti wanaojaribu kuitumia 5-ALA kuua seli hasa, kwa mwanga maalumu. Huenda mtu alichanganya habari hizo mbili. Hiyo bado iko kwenye majaribio.

Tena taa hii ina ubutu wake. Haipenyi: tone la damu likifunika, au kipande cha ubongo kikiangukia juu, huoni kitu. Katikati palipooza hapawaki, seli zimekufa. Glioma za pole, zinazokua taratibu kwa vijana, mara nyingi haziwaki kwa 5-ALA. Ukimulika mno wekundu unafifia. Fluoresini nayo inavuja popote ukuta ulipobomoka, hata pale ulipoubomoa wewe kwa kisu chako. Na mgonjwa wa 5-ALA ngozi yake inaungua na mwanga kirahisi, inabidi akae mbali na jua na taa kali kwa siku moja mpaka mbili. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa pofiria hapewi kabisa.

Jambo kubwa kuliko yote, taa haijui maneno. Inakuambia hapa pana uvimbe. Haikuambii hapa ndipo anapohifadhi majina ya watoto wake. Kwa watu wengi, sehemu za lugha ziko upande wa kushoto, na uvimbe ukiwa jirani tunamwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ngozi ya kichwa inatiwa ganzi. Anaonyeshwa picha, anazitaja, huku daktari akigusa kwa umeme kidogo. Akikwama, hapo hapakatwi, hata pawe pekundu kama pilipili. Na kwa sisi wa huku pana swali la ziada: umpime kwa lugha gani? Sehemu za lugha mbili za mtu mmoja zinaweza kuachana kidogo. Bibi aliyeishi kwa Kinyakyusa miaka sitini ukimpima kwa Kiswahili tu, unaweza kumrudisha nyumbani akiwa anaweza kuzungumza na daktari lakini si na dada yake. Kwa hiyo wanafunzi mnaoona haya kuandika kwenye fomu kwamba mnajua Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena, acheni haya hizo. Chumbani mle mtahitajika.

Sasa huku kwetu. Chupa moja ya 5-ALA, ya mgonjwa mmoja, hufika dola 1,000 na kupita. Fluoresini ni bei ya chini mno ukilinganisha, na watu wa macho wanaitumia tangu zamani. Picha za mishipa ya jicho kwa kuidunga mkononi zilianza mwaka 1961. Ndiyo maana mimi, nikiulizwa tuanze na ipi Nyanda za Juu Kusini, sisiti: fluoresini. Inakosa baadhi ya ujanja wa ile nyingine, lakini sindano iliyopo inaishinda chupa isiyokuwepo. Tatizo ni kichujio na hadubini, na kabla ya hayo, tatizo ni kufika. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa upasuaji na Ocean Road kwa mionzi, ni zaidi ya kilomita 800, mgonjwa anatapika mlima Kitonga wote. Wengi wanaofika uvimbe umeshakuwa wa ukubwa wa chungwa. Huo hauhitaji rangi. Unaonekana.

Na si kila doa kwenye picha ni saratani. Mikoa hii tunafuga nguruwe na tunakula kitimoto, nami sijiondoi. Mayai ya tegu ya nguruwe, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, yakiingia mdomoni kwa mboga au mikono michafu, yanaweza kuota vifuko ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Mbozi imetafitiwa sana juu ya hili. Kifua kikuu nacho kinaweza kutengeneza uvimbe huko. Vyote hivyo vinabomoa ukuta, na fluoresini ingewaka. Hivyo rangi haimtambulishi mwizi jina, inakuonyesha dirisha lililovunjwa tu. Jina linatoka maabara.

Maswali.

Tabibu wa zahanati kutoka Igurusi aliuliza amtume nani, kwa sababu hawezi kumtuma kila mwenye kichwa. Nikamwambia: kichwa kinachomwamsha mtu alfajiri na kutapika, na kila wiki kinazidi. Mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani. Mkono au mguu wa upande mmoja unaolegea polepole kwa wiki, si kwa ghafla kama kiharusi. Mtu mpole aliyegeuka mkali bila sababu, ndugu wakasema amerogwa. Hao watume wapigwe picha, na barua ya rufaa iandike lini ilianza.

Binti wa kidato cha nne aliuliza: kwa nini tusiwape watu wote rangi, tukawamulika, tukaona mapema? Nilimpigia makofi. Nikamwita mbele, nikaweka kiganja chake juu ya ile glasi na taa upande wa pili. Hakuna kijani kilichopita. Mwanga huu haufiki hata milimita chache ndani ya nyama, sembuse mfupa wa fuvu. Ni lazima mlango uwe umefunguliwa kwanza. Akasema, "Basi tafuteni mwanga unaopita." Nikamwambia upo wa karibu na joto la jiko, usioonekana kwa macho, unaotumika na rangi nyingine iitwayo indosayanini. Unapenya zaidi kidogo, na watu wanaufanyia kazi, lakini fuvu bado linaushinda. Akaandika jina la rangi kwenye kiganja.

Mzee mmoja wa Uyole alitaka kujua kama maji ya glasi yananyweka. Nilimwambia nisingeanza nayo.

Wa mwisho kunyoosha mkono alikuwa binti wa uwakala. Aliomba taa yake, foleni imeshafika barabarani.